Serikali mchanganyiko si nusu mkate

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba Warumi wa kale walikuwa na "serikali mchanganyiko". Mjomba anasema ni serikali ya mseto tu, nusu mkate kama ya Kenya mwaka 2008. Ni kweli? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Marahaba. Mwambie mjomba kwamba nusu mkate ni vyama kugawana vyeo: huyu Rais, yule Waziri Mkuu. Warumi walichanganya namna za kutawala zenyewe, yaani utawala wa mtu mmoja, wa wachache na wa wengi, ndani ya dola moja.

Aliyelieleza jambo hili vizuri ni Polybius, Mgiriki aliyepelekwa Roma mateka mwaka 167 KK. Aliona kwamba mfalme akiachiwa peke yake hugeuka dhalimu, wakubwa wachache hugeuka walafi, na umma hugeuka ghasia. Roma ilikuwa na makonsuli wawili walioamrisha jeshi kama wafalme, ila kwa mwaka mmoja tu. Konsuli akiwa vitani, nafaka, nguo na mishahara ya askari wake havitoki bila Seneti, baraza la wakubwa wachache, kuridhia. Seneti nayo ilimcha tribuni, mtetezi wa watu wa kawaida. Akisema "nakataza", kikao kimekwama.

Nilipokuwa nikifundisha historia, nilimkawilia sana tribuni. Mlango wake haukufungwa mchana wala usiku, ili anayeonewa aingie. Hakuruhusiwa kulala nje ya mji. Kumpiga ilikuwa kufuru. Na kila mwaka mwanafunzi mmoja alisema, "Kumbe ni mafiga matatu!" Nilimkatalia. Mafiga hubeba chungu pamoja, lakini figa moja haliwezi kulizuia jingine, na nguvu ya Roma ilikuwa katika kuzuiana.

Mwaka 133 KK tribuni Tiberius Gracchus alitaka maskini wagawiwe ardhi ya umma. Tribuni mwenzake, Marcus Octavius, akakataza. Gracchus akawaambia watu wapige kura, Octavius akavuliwa cheo. Maskini wale walistahili ardhi ile, nalisema bila kusita. Lakini kizuizi kilichovunjwa siku hiyo ndicho kilichokuwa kikimlinda Gracchus mwenyewe. Mwaka huohuo maseneta na watu wao walimuua kwa marungu na miguu ya mabenchi, na mwili ambao kuupiga ilikuwa kufuru ukatupwa katika mto Tiber.