Kiwira na Ruaha Mkuu: mbona samaki ni tofauti?
Umeuliza kwa nini samaki wa Kiwira si wale wa Ruaha Mkuu, ilhali mito yote miwili inatoka nyanda zetu hizi za juu kusini mwa Tanzania. Usiangalie chemchemi zilivyo karibu, fuata maji yanakoishia. Kiwira huingia Ziwa Nyasa, Ruaha Mkuu hujiunga na Rufiji hadi Bahari ya Hindi, na Songwe ya kaskazini huishia Ziwa Rukwa, lisilo na mto unaotoka. Samaki havuki mlima, kwa hiyo kila bonde lina ukoo wake.

Ndani ya bonde moja, muhimu ni njia kuwa wazi. Mbasa wa Ziwa Nyasa hupanda mtoni kutaga kwenye kokoto safi, maji yanakokimbia. Nyavu zikifunga mdomo wa mto, wazazi wanaishia hapo. Tope la mashamba ya kando likijaa katikati ya kokoto, mayai hukosa hewa. Usangu nako, kwenye tambarare za Ruaha Mkuu, mto ukikatika kiangazi hubaki madimbwi: kambale huvumilia maana anapumua hewa ya juu, wengine hufa mapema.

Na tafadhali, msihamishe vifaranga kutoka bonde moja kwenda jingine. Perege wageni huzaana na wenyeji, na ukoo ukishachanganyika hautenganishiki tena.