Bahasha ya Ijumaa: kwa waratibu wapya wa afya ya akili ya watoto

Ratiba ya mratibu mpya unaitambua kabla hujafungua ukurasa wa pili. Mafunzo Januari, upimaji Februari, afua Machi, ripoti kwa mfadhili Juni. Dar es Salaam, Kisumu, Gulu, Kigali na Bukavu zote kwenye mstari mmoja kama watoto wa foleni ya uji. Jamani, tumewapa mwongozo wa mhGAP (wa Shirika la Afya Duniani, kwa huduma ya afya ya akili), tumewapa semina ya siku tano na sambusa zake, na bado mnarudi na ratiba ileile iliyotuangusha sisi. Basi tuyaseme tena.

1. Kalenda kwanza. Tanzania na Kenya mwaka wa shule unaanza Januari, Uganda kwa kawaida Februari, Rwanda na Kongo Septemba. Kenya ina mihula mitatu, hivyo Aprili na Agosti mtoto yuko likizo; Tanzania Bara likizo ndefu ya katikati inaangukia Juni. Oktoba na Novemba ni mitihani. Hakuna mkuu wa shule atakayekupa Kidato cha Nne wiki mbili kabla ya mtihani wa taifa, na akikupa, utapima hofu ya mtihani ukaiita sonona (ugonjwa wa huzuni). EASE, afua ya kuwafundisha vijana kukabili hisia, ina vikao saba vya vijana na vitatu vya walezi. Ukitaka vikao saba vya kila wiki, omba wiki tisa, kwa sababu patatokea michezo ya shule, mgeni rasmi na mvua.

Na saa. Ukimwandikia mwenzako wa Accra kuwa kikao ni "saa 4", atakuja saa kumi jioni, akukute umeshalala kwa hasira. Andika 10:00 ya Nairobi, kisha ujue kwamba hiyo ni 9:00 Kigali na Bukavu, 8:00 Kinshasa na Lagos, 7:00 Accra. Ndiyo, Kongo ina saa mbili tofauti, na watu wa Bukavu wamechoka kupangiwa vikao kwa saa za Kinshasa.

2. Vibali. Tanzania Bara: NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) kwa maadili, COSTECH (tume ya sayansi) kwa kibali cha utafiti, TAMISEMI (ofisi ya serikali za mitaa) kwa shule, halafu barua inashuka mkoa, halmashauri, kata hadi shuleni. Zanzibar ni mlango mwingine kabisa, usiende na barua za Dodoma. Kenya: kamati ya maadili, NACOSTI (tume ya sayansi ya huko), kisha kaunti. Uganda: kamati ya maadili, kisha UNCST (baraza la sayansi la huko). Ukiruka ngazi moja, mtendaji wa kata atakugeuza getini wewe na gari lako, na atakuwa na haki.

Fomu ya ridhaa haisafiri. Sheria ya Afrika Kusini inamruhusu mtoto wa miaka 12 na zaidi mwenye uelewa wa kutosha kukubali matibabu mwenyewe. Usidhani kifungu hicho kinavuka mto Limpopo. Fomu za walezi zitoke siku kumi mapema, na uchapishe nakala mara mbili, kwa kuwa za kwanza zitafungia maandazi.

3. Tafsiri. SDQ, dodoso la hisia na tabia za mtoto, ina maswali 25 na ina wenyewe: huruhusiwi kuitafsiri kivyako wala kubadilisha neno. Tumia toleo lililoidhinishwa. Vipimo vingine vitafsiri, vitafsiri tena kurudi lugha ya awali uone kama maana imebaki, kisha kaa na watoto wanane hadi kumi, uwaulize kila swali wamelielewaje. Wataalamu wa Tanzania wanasema sonona, Kenya utasikia unyogovu; mtoto wa darasa la saba hasemi lolote kati ya hayo. Anasema "nawaza sana", "moyo mzito", "sijisikii". Mtoto wa Bukavu amezoea kusoma Kifaransa na Kiswahili chake ni cha mdomoni, kwa hiyo msomee kwa sauti.

Mtego mkubwa haumo kwenye maswali, umo kwenye majibu. Chukua PHQ-A, kipimo cha sonona kwa vijana chenye majibu ya alama 0 hadi 3: kinauliza kuhusu wiki mbili zilizopita, na jibu la tatu kwenye orodha ni "zaidi ya nusu ya siku hizo". Mtafsiri mvivu akiandika "zaidi ya nusu siku", mtoto anaelewa kuanzia asubuhi hadi baada ya adhuhuri. Kijana mwenye huzuni siku kumi kati ya kumi na nne anaweka 1 badala ya 2, kwa sababu huzuni humjia usiku tu. Weka maharage 14 mezani: kila harage ni siku moja, toa yale ya siku ulizojisikia hivyo. Halafu hesabuni pamoja.

4. Bahasha ya Ijumaa. Hapa tukae, maana kosa hili ni letu, ninyi mmelirithi tu.

PHQ-A ina maswali tisa, na la tisa linauliza kama mtoto amewaza kwamba afadhali angekufa, au kujiumiza. Sasa itazame karatasi inavyosafiri. Ijumaa asubuhi, mikondo minane ya Kidato cha Tatu, watoto 45 kila mkondo, jumla 360. Dakika ishirini fomu zimejaa. Msaidizi anazihesabu, anazitia kwenye bahasha ya kaki, anapaka gundi, anaandika jina la shule kwa kalamu nene na kujisifu kuwa usiri umelindwa. Bahasha inapanda basi. Jumatatu ni ya kupanga namba. Jumanne karani wa takwimu anaanza kuingiza. Jumatano mchana, fomu ya 212, swali la tisa lina alama 3, "karibu kila siku". Alama ya vema imefutwa kwa kifutio, kisha imerudiwa palepale.

Siku tano. Mtoto alisema Ijumaa, sisi tunasoma Jumatano. Yeye hajui kuwa hatujasoma. Anachojua ni kwamba watu wazima walimuuliza, akajibu, wakapanda gari wakaenda zao.

Visingizio tunavyo, na ni vizuri. Itifaki inasema rufaa ndani ya saa 72, bila kusema saa hizo zinaanza lini, basi tunaanza kuzihesabu tunapofungua bahasha. Namba ya mnasihi imo kwenye kiambatisho cha tatu na hakuna aliyewahi kuipiga. Kwenye boksi la "mtu wa kuwasiliana naye shuleni" tumejaza mwalimu wa ushauri nasaha, ambaye shule nyingi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu, mwenye fimbo juu ya kabati. Kamati imepitisha yote hayo. Na kwenye ripoti tunaandika "watoto 360 wamefikiwa". Neno hilo "wamefikiwa" lingepaswa kutuchoma ulimi.

Dawa yake ni ya kawaida tu. Kabla ya kalamu kugusa karatasi, waambie: ukituonyesha kuwa uko hatarini, tutamwambia mtu mzima mmoja, na utajua ni nani. Fomu zipokewe moja moja mlangoni, na mpokeaji atazame mstari wa tisa peke yake. Kinachoshtua ni alama yoyote kuanzia 1, si 3. Usimwite mtoto kwa jina mbele ya wenzake. Mwite pamoja na wengine wachache wenye sifuri "kumalizia fomu", asijulikane. Mazungumzo ya kwanza ni kama dakika 45: mawazo yalianza lini, ana mpango, aliwahi kujaribu, nyumbani kuna sumu ya shamba au dawa zisizofungiwa. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwenda chooni, na anakabidhiwa kwa mlezi mkono kwa mkono, mlezi akijua cha kufungia kabatini.

Kisha piga hesabu ambayo hatukuipiga. Kwa kupangia kazi tu, chukua watoto watano kwa kila 100: kati ya 360 ni 18. Mnasihi mmoja akifanya kazi yake sawasawa anamaliza watano kwa siku. Kwa hiyo pima mikondo miwili kwa siku, Jumatatu hadi Alhamisi, na mnasihi wa akiba.

Chunga pia unachoandika. Ghana iliondoa kosa la kujaribu kujiua mwaka 2023. Kenya, Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichohusu kosa hilohilo, Januari 2025. Si kila nchi imefika huko. Mwulize mwanasheria wa hapo kabla maneno hayo hayajaingia kwenye faili lenye jina la mtoto.

5. Madogo madogo. Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, mwenyewe, kwa laini wanayotumia kijijini, saa mbili usiku. Usiandike Mirembe, Mathari au Butabika, hospitali za magonjwa ya akili, kwenye karatasi anayobeba mtoto. Mitaani majina hayo ni matusi na hatarudi. Nauli ya rufaa ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, mara mbili, maana kliniki itasema "rudini baada ya wiki mbili" na bajeti yako ilikuwa ya safari moja. Wanasihi wa ngazi ya jamii wapate usimamizi kila wiki, na wasizidi wanane kwa msimamizi mmoja.

Ijumaa, kama mtauliza inabaki ya nini, ni ya kuwapigia walezi ambao Alhamisi hawakupatikana. Weka vocha ya kutosha.