Maswali yenu: maduka ya mjini, kilemba na nyumba zilizofungwa

Swali: Mkunazini kwetu, hapa Mji Mkongwe Unguja, maduka yanafungwa moja moja, wenyewe wanasema biashara imehamia mtandaoni. Kweli?

Jibu: Mtandao umo, lakini musiusingizie kila kitu jamani. Tizameni juu ya hayo maduka. Zamani chini duka juu watu, mama anateremsha kikapu kwa kamba anatiliwa sukari na mkate, leo huko juu vyumba vya wageni na familia ziko Fuoni na Tomondo, sasa mgeni wa siku mbili atanunua nini kwa muuza misumari? Na wakubwa watakumbuka wabara walivyokuwa wakivuka kuja kuchukua TV na redio za Dubai kwa vile ushuru wetu ulikuwa chini, tofauti ile ilivyopungua Kariakoo ikawachukua, hao hawarudi tena. Wakaazi wanaweza kurudi, kama kila nyumba haigeuzwi hoteli. Nshasema na ntasema tena.

Swali: Mlango wa duka Darajani kodi shingapi?

Jibu: Kila mara swali hilihili. Mlango gani, upande gani, wa serikali au wa mtu? Nenda kaulize kwa miguu yako.

Swali: Mpangaji wa nyumba ya wakfu Hurumzi anataka kilemba, yaani pesa za mkononi ili aniachie duka. Nimpe?

Jibu: Usimpe. Nyumba si yake, kaulize kwanza Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kilemba hakina risiti, mkigombana utamshtaki nani? Na nyie mnaotoa ndo mnaofanya milango ikae imefungwa, mtu anangoja mjinga wa pesa nyingi.

Swali: Nyumba ya marehemu babu Kiponda, duka la chini limefungwa tokea afariki, warithi wengi wengine wako Oman. Ukuta unamenyuka, nipige saruji nipangishe?

Jibu: Saruji hapana, hapana! Zile kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinavuta maji na kuyatoa, ukizifunga na saruji unyevu unabaki ndani, masika mawili matatu tu plasta inavimba, ukiigonga inalia tupu, ukiibandua nyuma unga mweupe wa chumvi na ncha za boriti zishaoza. Anza na paa na mifereji ya mvua, kisha chokaa, na kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe uwe nacho mkononi, sio kugonga usiku usiku kama wenzio. Beit al Ajaib, lile jumba kongwe la Forodhani, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na mafundi wamo ndani, watu wakafa.

Lakini ndugu yangu ukuta sio tatizo lenu la kwanza. Mirathi haijagawiwa, huo mkataba wa kodi atatia saini nani? Nendeni kwa Kadhi, wa Oman watoe wakala. Nyumba ya ugomvi inaoza kabla ya nyumba ya masikini anaeishi ndani na kuziba tundu kwa bati.

Swali: Niko Wete, Pemba, nataka kufungua duka la nguo Chake Chake. Unasemaje?

Jibu: Fungua, ila usichukue mkopo kwa hesabu ya pesa za msimu wa karafuu, mikarafuu haizai sawa kila mwaka. Na daftari la madeni usiweke, jamaa zako ndo wa mwanzo kuwakatalia.