Spidi ya waya imegoma kwenye 94, tatizo ni swichi?

Swali: Mkuu habari, nipo Moshono hapa Arusha, nimefungiwa faiba ya Mbps 200. Ruta iko sebuleni, toka hapo waya unaingia kwenye swichi ya poti 5 ndo unasambaa vyumbani. Waifai karibu na ruta inasoma mpaka 180 ila kompyuta ya chumbani kwa waya haivuki 94, hata saa sita usiku. Ninunue swichi ipi?

Jibu: Salama mkuu. Usitoe hela kwanza. Hiyo 94 inajieleza yenyewe, ni njia ya Mbps 100 ukishatoa vikorokoro vinavyosafiri na data, maana yake kuna sehemu imeshuka toka 1000 kuja 100 na faiba yenyewe haihusiki hapo.

Geuza swichi usome chini. Ikiandikwa 10/100 tu basi mchawi umempata, na ukiona neno Fast usidhani ndo yenye kasi, ni jina la zamani la hiyohiyo 100. Ikiwa 10/100/1000, hamia kwenye waya: beba kompyuta mpaka sebuleni, chomeka kwenye swichi hiyohiyo kwa waya mfupi mzima, ikipanda ujue waya wa chumbani ndo mbovu, isipopanda badili na ule unaotoka kwenye ruta.

Waya una nyuzi nane. Spidi ya 100 inatumia nne tu, 1000 inataka zote nane, kwa hiyo uzi mmoja kati ya zile nne nyingine ukikatika intaneti haizimi, inashuka kimyakimya. Kuna nyumba Sakina nilihangaika karibu siku nzima, nimebadili swichi, nimebadili ruta, kumbe fundi aliyepita alibana machungwa na kijani tu, bluu na kahawia kazikata kabisa kazikunjia ndani ya ganda, kwa nje kichwa kinapendeza! Nilibana upya vichwa viwili, dakika kumi. Ukinunua waya kwangua uzi mmoja kwa wembe, ndani ukiwa mweupe ni alumini iliyopakwa shaba, achana nao.

Kama swichi ndo yenyewe, chukua ya giga (hiyo ya 10/100/1000), poti 8, bodi ya chuma, ya kuchomeka tu bila kuseti chochote. Poti 5 ni ndogo, moja inaliwa na waya wa ruta. Zile za kuseti ni za maofisini, na ya PoE chukua kama utafunga kamera zinazokula umeme kupitia waya, vinginevyo hela inapotea bure. Dukani sema swichi ya netiweki, mi nishapewa ya taa.

Halafu adapta. Swichi nyingi za nyumbani zinakula volti 5 na kichwa cha adapta yake kinaweza kuingia sawasawa na cha king'amuzi cha volti 12, umeme ukirudi mtu anachomeka gizani swichi inaungua. Mi adapta zangu naziandika SWICHI kwa maka peni.