Baba kapata kiharusi, tuuze mikarafuu tukamchome sindano ya stemseli?

SWALI: Assalaam alaikum Bi Dokta. Mimi ni binti naandika kutoka Wete. Baba angu alipata kiharusi miezi mitano nyuma, alianguka alfajiri anakwenda kutia udhu, mkono wa kulia na mguu vyote vikalegea, mdomo ukenda upande. Alhamdulillahi mguu umerudi, anatembea na bakora mpaka barazani, lakini mkono umelala tu, vidole anavikunja na kuvikunjua kidogo basi. Sasa binamu yangu aliopo Uarabuni katutumia klipu ya WhatsApp, kuna kliniki huko nje wanachoma sindano ya stemseli mshipani na wanasema ubongo unachipua upya kama mgomba uliokatwa. Pesa wanayotaka ni nyingi, kaka zangu wanataka kuuza mikarafuu aloacha babu, na baba mwenyewe kasema uzeni. Ni kweli ubongo unachipua? Tuuze?

JIBU: Waalaikum salaam mwanangu, pole sana na muuguze baba. Msiuze. Nimelitanguliza hilo kwa sababu najua kaka zako wana haraka, sasa nikueleze kwa nini, na nitakueleza kwa urefu manake hiyo klipu ina ukweli ndani yake na ndo maana inawashika watu.

Kweli ubongo wa mtu mzima una seli shina, yaani seli changa zinazoweza kuzaa seli nyengine mpya, hizo ndo wanazoita stemseli. Zamani skuli tulifundishwa kwamba ukizaliwa na seli zako za ubongo ndo hizohizo mpaka kaburini. Akaja Joseph Altman miaka ya 1960 akaonesha kwenye panya wakubwa seli mpya zinazaliwa, wenzake hawakumsikiliza kwa miaka mingi, mpaka 1992 wataalamu wawili kule Kanada, Reynolds na Weiss, wakazitoa seli shina kwenye ubongo wa panya mkubwa wakaziotesha maabara. Zinakaa zaidi pembeni mwa vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo.

Na panya akipata kiharusi, seli hizo zinaamka! Zinazaana, zinatambaa kuelekea pale palipoumia. Hilo walilionesha wataalamu wa Lund, Sweden, mwaka 2002, na mimi nilipolisoma mara ya kwanza moyo ulinidunda kwa sababu mama yangu mdogo alikuwa kitandani na ugonjwa huohuo. Lakini soma na mwisho wake: zaidi ya asilimia 80 ya seli zile mpya zilikufa baada ya kufika, na katika kila seli 1,000 zilizokufa kwa kiharusi zilizorudishiwa badali ni kama 2 tu. Kwaiyo mgomba unachipua, ila machipukizi karibu yote yanakauka, kwa sababu pale pahala pameumia, pana uvimbe, na seli changa haina ya kushikana nayo.

Ndo wataalamu wakasema basi tuzipeleke wenyewe kutoka nje. Glasgow, Uingereza, wanaume 11 waliokuwa na kiharusi cha zamani walitobolewa fuvu tundu dogo wakawekewa seli shina za ubongo zilizooteshwa maabara, majibu yakatoka 2016. Hawakupata madhara makubwa kutokana na zile seli na baadhi yao wakapata nafuu kidogo, lakini hapakuwa na kundi la kuwalinganisha nalo, huwezi kujua nafuu imetoka wapi. Marekani nako mwaka huohuo walitumia seli za uboho wa mifupa kwa watu 18, wengine wakanyanyua mikono ilokuwa haijanyanyuka, watu wakafurahi mno. Walipokuja kufanya utafiti mkubwa zaidi, na wagonjwa wengine wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza tu bila kuwekewa seli, majibu ya 2019 yakaonesha waliowekewa seli hawakuwashinda wenzao. Iliniuma kwelikweli, lakini ndo majibu.

Sasa tazama, hao wote waliweka seli ndani ya ubongo wenyewe. Kliniki ya kwenye klipu inachoma mshipani, na seli ikiingizwa kwa mshipa wa mkono pahala pa kwanza inapopita ni mapafuni, na nyingi zinanasa hukohuko. Halafu kuna hatari. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani waliandika habari za mwanamme aliyekuwa na kiharusi, akazunguka China, Argentina na Mexico kulipia sindano za stemseli, mwisho ukamuota uvimbe kwenye uti wa mgongo, ulipopimwa ikaonekana seli zake si za kwake yeye, za mtu mwengine, na akazidi kupooza. Na jengine la kuwaambia kaka zako, utafiti wa kweli kwa kawaida mgonjwa halipishwi kuwekewa hizo seli. Akikutajia bei kwanza, hiyo ni biashara.

Haya, mkono wa baba. Kinachorudisha mkono zaidi sio seli mpya, ni zile zilizobaki hai karibu na jeraha, zinatoa matawi mapya na kujifunza kazi ya zile zilizokufa, na zinajifunza kwa kurudia, mara mia, mara elfu. Umesema vidole anavikunja na kuvikunjua kidogo, mwanangu hiyo ni mali. Marekani walichukua wagonjwa 222, miezi 3 mpaka 9 baada ya kiharusi, waliokuwa bado na uwezo kidogo wa kiganja na vidole, karibu nusu yao wakavishwa glovu mkono usioumwa ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, wiki mbili, na mazoezi ya masaa kila siku. Majibu ya 2006 yakaonesha waliendelea kuliko wenzao. Baba yuko mwezi wa tano, yumo humohumo. Ila muone kwanza mtu wa fiziotherapi, yaani wa mazoezi ya viungo, mana mtu anaetembelea bakora ukimfunga ovyo mkono usioumwa ataanguka.

Mama yangu mdogo yeye tulimpa ukili wa mkeka asuke. Siku ya kwanza ule ukindu ulimdondoka kila akiushika, akalia, akautupa. Tukauokota. Akawa anashika tu, hasuki, anashika na kuachia. Mwezi wa tatu akasuka pima moja, imepinda na imelegea pembeni, na ipo mpaka leo ukutani kwangu. Baba yako mkalisheni jamvini jioni mnapochambua karafuu, mpeni shada moja mkono wa kulia azitoe zile karafuu kwenye makonyo, moja moja, hata zikichukua nusu saa.

Na dawa ya presha asikatishe hata siku moja kwa kuwa anajisikia mzima, kiharusi cha pili ndo kinachochukua ulichokijenga chote.

SWALI: Mume wangu ana mwaka na nusu tangu apate kiharusi, tumeambiwa ikipita miezi sita basi. Na alichelewa hospitali, tulimpeleka kwanza kwa fundi tukidhani kapigwa na shetani. Mke, Jang'ombe.

JIBU: Pole dada, usijilaumu, wengi tumepita huko. Kwa wanaosoma wengine: mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, seli kama milioni 1.9 zinakufa kila dakika, na dawa ya kuyeyusha damu ilioganda kwa kawaida inataka mtu awe keshachomwa ndani ya masaa manne na nusu tangu dalili zianze, tena apigwe kwanza picha ya kichwa. Mdomo ukenda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, gari hapohapo, dua msomeni njiani.

Na hiyo miezi sita, ni kweli mwanzo ndo kunarudi kwa kasi, lakini mlango haujafungwa, wapo waliopata nafuu kwa mazoezi hata baada ya miaka. Hatua zinakuwa ndogo tu. Muulize mwenyewe anataka nini hasa mkono umfanyie. Akisema kufunga vifungo vya kanzu, anzeni na kifungo kimoja, kile cha juu.