Ukibisha hodi, nenda ukurasa wa 34

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Columbus, Ohio, na watoto watatu. Mwanangu wa miaka 9 amekuja na kitabu kutoka maktaba ya shule. Ni hadithi ya kutisha ya watoto wanaozunguka kuomba pipi usiku wa Halloween, na msomaji ndiye anayechagua njia: ukitaka hili nenda ukurasa huu, ukitaka lile nenda ule. Tangu akisome halali peke yake. Juzi akaniuliza swali lililonishinda: "Mama, nikichagua vibaya, Mwenyezi Mungu ataniacha nirudi ukurasa wa nyuma?" Baba yake anataka kukichoma hicho kitabu. Je, ni haramu kukisoma? Wenzake wamemwalika wazunguke pamoja mwaka huu, nimruhusu? Na watoto wa majirani wakija kugonga kwangu nifanyeje? Nimekupigia picha kurasa chache uone mwenyewe.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Nianze na la baba watoto, maana ndilo la haraka: mwambie asichome. Kitabu ni cha maktaba, kimo kwenu kama amana, na amana hairudishwi majivu.

Picha nimezitazama, na nakiri nilijikuta nageuza kurasa kama mtoto. Ukurasa wa 12 kuna nyumba ambayo taa ya barazani imezimwa, ngazi tatu, na boga lililochongwa macho limeanza kuoza. Chini yake maandishi: ukibisha hodi nenda ukurasa wa 34, ukirudi kwa wenzako nenda ukurasa wa 19. Nikabisha hodi. Akatoka bibi kizee na bakuli, na ndani ya bakuli kumbe si pipi, ni meno. Mwisho. Nikarudi nyuma, nikachagua usalama wa wenzangu. Wakageuka, wakavua vinyago, na chini ya vinyago hamna nyuso. Mwisho tena.

Sasa, kusoma hadithi ya kubuni si haramu kwa kuwa tu imebuniwa. Anayesoma anajua kuwa si habari ya kweli, na anayeiandika hadai kuwa ni kweli, kwa hiyo haingii katika uongo uliokatazwa. Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake, na katikati yao Mtume (S.A.W.) akaona farasi wa matambara mwenye mabawa mawili. Akamuuliza, hiki nini? Farasi. Na hivi juu yake? Mabawa. Farasi ana mabawa? Bibi Aisha akamjibu: kwani hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mabawa? Mtume akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Ameipokea Abu Dawud. Hakumwambia atupe farasi wake.

Tena sisi watu wa pwani tuone haya kidogo kabla ya kuwanyooshea kidole Wamarekani kwa hadithi za kutisha. Nani kati yetu hakulala amejifunika gubigubi baada ya bibi kusema "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!"? Yule msichana aliyesahau kombe lake ufukweni, akarudi peke yake jioni, zimwi likamtia ndani ya ngoma likawa linazunguka naye mitaani: hiyo ni hadithi ya kutisha kuliko meno ndani ya bakuli. Lakini itazame ilivyofungwa. Msichana alinaswa kwa sababu alirudi peke yake wenzake wakiwa wameshaondoka, na aliokoka kwa sababu aliimba ndani ya ngoma na mama yake akaijua sauti. Kila kitu kina sababu yake. Mtoto akilala na hofu, analala pia na njia ya kutokea.

Hapo ndipo ninapokilaumu kitabu cha mwanao, na si kwa ajili ya mizimu yake. Mwenye tamaa anakufa, mwenye adabu anakufa, mwoga anakufa, na aliyesaidia mwenzake (nimemfuata mpaka ukurasa wa 47) naye anageuzwa sanamu. Mtoto anaambiwa chagua, na uchaguzi wenyewe hauna maana. Akili ya miaka 9 inalibeba hilo mpaka kitandani. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba si haramu kwa asili yake, ila kwa mtoto ambaye kimeshamkosesha usingizi, kumwachia akisome peke yake ni makuruhu (jambo linalochukiza, ingawa si haramu), na wewe unao wajibu wa kukaa naye. Usimnyang'anye. Ukimnyang'anya atakimaliza kichwani mwake, na kichwani hakuna ukurasa wa mwisho.

Vitabu vya namna hii vilianza kuvuma huko Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970. Mmoja wa walioviasisi alikuwa mwanasheria aliyezoea kuwasimulia binti zake hadithi za kulalia, na siku moja alipoishiwa akawauliza wao: ninyi mngefanyaje? Basi nawe muulize mwanao hivyo hivyo. Mfungue pamoja ukurasa wa 12, mpe kalamu na karatasi (si kwenye kitabu!), aandike njia ya tatu ambayo mwandishi hakuiweka. Mimi ningemshauri yule mtoto aseme Bismillahi, ashuke zile ngazi tatu, na arudi kwa mama yake.

Mizimu yenyewe ina jibu la zamani sana. Waarabu wa zama za ujahilia, kabla ya Uislamu, waliamini kwamba mtu aliyeuawa asipolipiziwa kisasi, roho yake hutoka kaburini kama bundi, ikilia "ninywesheni!" Ndege huyo walimwita hama. Mtume (S.A.W.) akasema katika hadithi sahihi kwamba hakuna hama, na katika mapokezi ya Imamu Muslim akaongeza kuwa hakuna ghula, lile jinamizi la jangwani walilodai hupoteza wasafiri. Majini wapo, Qur'ani imethibitisha, lakini marehemu hawazunguki mitaani wakigonga milango. Wamo katika barzakh, maisha ya baina ya kifo na kufufuliwa, wana shughuli zao. Mwambie mwanao hivyo kwa maneno mepesi.

Na hofu ya mambo haya si mchezo wa watoto peke yao. Mwaka 1995, popobawa, jini aliyesemwa huvamia watu usiku majumbani, ilipovuma Pemba na Unguja, wanaume wenye ndevu walihamisha mikeka wakalala nje makundi makundi wamezunguka moto.

Ama kuzunguka usiku huo, hapo nakaza. Halloween ina nasaba yake. Wakelti, watu wa kale wa Ireland na Scotland, walikuwa na sikukuu ya mwisho wa mavuno, wakiamini kuwa usiku ule pazia kati ya wazima na wafu huwa jepesi. Kanisa likaiweka siku ya Watakatifu Wote tarehe 1 Novemba, ikaenea Ulaya ya magharibi katika karne ya 9, na mkesha wake, 31 Oktoba, ukabaki na mengi ya zamani. Wairishi waliokimbia njaa ya viazi katika miaka ya 1840 wakavuka nayo bahari. Kwao walikuwa wakichonga tanipu (mboga ya mzizi), Marekani wakakuta maboga, ambayo ni makubwa na laini zaidi. Mtindo wa watoto kugonga milango na kusema "pipi, la sivyo vituko" ulienea baadaye, katika karne ya 20.

Wapo wanaosema kwamba leo hii hakuna anayekumbuka Wakelti, imebaki sukari tu na biashara. Nawaelewa. Lakini wengi wa wanavyuoni wa zama zetu wamekataza kuisherehekea, nami niko pamoja nao. Alipofika Madina, Mtume (S.A.W.) alikuta watu wana siku mbili za kucheza tangu ujahilia. Hakuwauliza kama bado wanakumbuka asili yake. Aliwaambia kwamba Mwenyezi Mungu amewabadilishia zilizo bora kuliko hizo, Idi ya kuchinja na Idi ya kufungua. Neno lililotumika ni kubadilisha, na kinachobadilishwa hakibaki.

Kuna na jambo la saa. Huko Columbus wenyewe mnauita Usiku wa Waombaji, na kwa kawaida mji hutenga saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili usiku. Mwisho wa Oktoba jua lenu linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Sasa isome hadithi ya Jabir (R.A.) waliyoipokea Bukhari na Muslim: usiku unapoingia wazuieni watoto wenu, kwani mashetani hutawanyika wakati huo, na kikipita kitambo cha usiku waachieni, na mfunge milango na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu. Katika siku zote 365 za mwaka, watu wamechagua kuwavika watoto sura za mashetani na kuwatoa nje katika saa ile ile. Sisemi zaidi.

Na hayo "vituko" nayo yana hukumu. Sahaba mmoja alilala safarini, mwenzake akamchukulia kamba yake kwa mzaha, yule akagutuka kwa hofu. Mtume (S.A.W.) akasema si halali kwa Muislamu kumtisha Muislamu. Ilikuwa kamba tu.

Lakini usimkataze mkono mtupu. Kinachomuuma mwanao si Halloween, ni kuona wenzake wanarudi na mifuko imejaa naye hana. Wajukuu wa Waswahili walioko Oman watakwambia kuhusu Qaranqasho: katikati ya Ramadhani watoto huvaa vizuri, hupita nyumba kwa nyumba wakiimba, na hujaziwa mifuko halua, karanga na peremende. Si ibada na wala si sunna, ni ada ya watu tu, msiifanye zaidi ya hapo. Na sisi tuna mkono wa Idi. Familia nne au tano za Kiislamu mnazokaa karibu mkipanga, asubuhi ya Idi mwanao atagonga milango mpaka achoke, mchana kweupe.

Watoto wa majirani: ada ya huko ni kwamba nyumba iliyozima taa ya barazani haigongwi. Zima taa yako, umalize. (Ndiyo, nyumba ya mchawi kwenye ukurasa wa 12 haikuwa na taa. Zile nyumba zenye giza mtaani kwenu nyingi ni za wazee waliolala mapema na Waislamu wanaoswali Isha.) Na kama mtoto atagonga hata hivyo, usimfokee mlangoni. Mfungulie kwa uso mkunjufu, mwambie sisi hatusherehekei leo. Kisha siku nyingine, tarehe yoyote isiyo hiyo, pelekea majirani sahani ya mahamri. Jirani ana haki yake, awe wa dini gani.

Nimeliacha swali la mwanao mwisho kwa sababu ndilo zito kuliko yenu ninyi wazazi wawili.

Uliniandikia kwamba anasoma huku vidole vitatu amevibana katika kurasa tofauti, ili njia ikiharibika arudi. Watoto wote hufanya hivyo. Halafu akaanza kujiuliza kama maisha nayo yana kidole cha kubana. Wallahi wapo watu wazima wanaofika sabini bila kujiuliza hilo.

Kuchagua, dini yetu inakukubali. "Na tukambainishia zote njia mbili?" yasema Suratul Balad. Tofauti na kitabu chake ni hilo neno "tukambainishia": njia za Mwenyezi Mungu zimeandikwa mwisho wake tangu mwanzo wa njia, hii inapeleka huku na hii inapeleka kule. Hakuna mtu atakayefuata wema akakuta bakuli la meno.

Na kurudi kupo. Huko ndiko kutubia, na mlango wake uko wazi maadamu roho haijafika kooni. Mtume (S.A.W.) amesema mwenye kutubia dhambi ni kama asiye na dhambi. Angalia, mwanao akirudi ukurasa wa 12, ukurasa wa 34 bado upo na bibi kizee bado anamngoja. Mwenye kutubia hangojwi na chochote huko. Kunakokataliwa ni kule kurudi baada ya mauti, kwa yule atakayesema "Mola wangu! Nirudishe", akajibiwa kwamba sivyo, na nyuma yao kuna kizuizi mpaka siku watakapofufuliwa. Aya hiyo ni ya kwako na ya baba yake. Mtoto wa miaka 9 asipewe usiku. Yeye mpe hadithi ya kalamu iliyoinuliwa: mtoto haandikiwi dhambi mpaka abaleghe, na mema yake anapata thawabu zake. Yeye kwa sasa hana ukurasa mbaya.

Baadaye, kwa jinsi alivyo, atakuuliza: kama mwisho wote umeshachapwa kitabuni, mimi nachagua nini? Hiyo ni kadari. Mwambie kwamba Mwenyezi Mungu anajua atachagua nini, na kujua si kumlazimisha. Mfano wa kitabu usiuvute mbali, tumekatazwa kumpigia Mwenyezi Mungu mifano. Akiendelea kuuliza, mlete kwa sheikh wa msikiti wenu huko, na huyo sheikh ajiandae.

Kwa usiku, mkalie kitandani, umsomee Ayatul Kursiy, kisha weka mkono kichwani pake useme yale Mtume (S.A.W.) aliyokuwa akiwakingia wajukuu zake Hasan na Husein, na kabla yake Nabii Ibrahim akiwakingia wanawe Ismail na Is-haka: nakukinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia, na kila shetani na kidudu chenye sumu, na kila jicho lenye kudhuru. Akigutuka kwa ndoto mbaya, ateme mate kidogo kushotoni mara tatu, ajikinge kwa Mwenyezi Mungu na shetani, ageukie ubavu wa pili, na asimsimulie mtu ndoto hiyo. Taa ndogo ya ukumbini iacheni ikiwaka siku hizi mbili tatu.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.