Kwa mnaoanza mazoezi tiba: mpeni mgonjwa muda wa kuutafuta mkono wake

Nawaandikia ninyi mnaokuja Mtwara kuanza kazi ya fiziotherapia, hasa mtakaopewa wagonjwa wa kiharusi. Kuna jambo moja nilichelewa kulielewa, na kuchelewa kwangu kuliwarudisha nyuma wagonjwa wangu wa mwanzo.

Mwaka wangu wa kwanza nilimhudumia babu mmoja wa Mikindani, mvuvi, aliyepooza upande wa kulia. Nilikuwa namwambia, "Babu, inua mkono," na papo hapo nimeshaushika na kuuinua mimi. Kwenye faili naandika zoezi limefanyika. Wiki zikapita, mkono uzito uleule. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mbona hunipi nafasi? Mimi ndo kwanza nautafuta."

Alisema kweli. Mwaka 1964, mjini Freiburg, Ujerumani, Hans Kornhuber na Lüder Deecke walipima umeme wa ubongo wa watu waliokuwa wakikunja kidole kila walipojisikia wenyewe. Wakakuta umeme huo unaanza kubadilika polepole sekunde moja hivi, au zaidi, kabla misuli ya kidole haijashtuka. Na hao walikuwa watu wenye afya zao. Kumbe amri ikifika kwenye misuli, kazi kubwa ya kupanga imeshafanyika kichwani. Mgonjwa wa kiharusi njia zake zimeharibika, naye nilikuwa namnyima hata sekunde mbili.

Wala maandalizi hayahusu mkono peke yake. Mtu aliyesimama akitaka kuinua mkono haraka mbele, vipimo vinaonyesha misuli ya nyuma ya paja na ya mgongo inakaza kabla ya ile ya bega, maana bila hivyo mwili ungeyumba. Jaribuni wenyewe jioni: kunja kiwiko, weka chupa ya maji ya lita moja juu ya kiganja cha kushoto, kisha iondoe kwa mkono wako wa kulia. Kiganja kinatulia palepale. Sasa fumba macho, mwenzako aiondoe ghafla. Kiganja kitaruka juu. Ulipoiondoa mwenyewe, ubongo ulikuwa umeshailegeza misuli kwa kadiri ya mzigo unaotoka; alipoiondoa mwenzako, haukuwa na habari.

Kwa hiyo kabla hamjagusa mkono, tazameni mgonjwa amekaaje. Mkimtembelea nyumbani mtamkuta kwenye kitanda cha kamba kilichobonyea katikati, mgongo umepinda, miguu inaning'inia. Hapo kiwiliwili hakina pa kujishikiza, na bega litahangaika bure. Ombeni kiti kigumu, nyayo zote mbili ziguse chini. Halafu toeni amri moja, mnyamaze. Mimi huhesabu moyoni mpaka tano. Kunyamaza huko kugumu, hasa foleni ikiwa ndefu, lakini ndiyo matibabu yenyewe.

Tena mpeni jambo la kufanya, si kiungo cha kusogeza. Mama mmoja "inua mkono" haikumtoa kitu. Nilipoweka bakuli la korosho mbele yake na kumwomba anipe moja, vidole vikaanza kusogea. Ziwe zilizobanguliwa, tafadhali. Mafuta ya ganda bichi yanaunguza ngozi, na mkono uliopooza mara nyingi hausikii maumivu. Asiyeweza kusogeza chochote, mwambieni awaze anaifikia korosho ile. Kuwaza huko huamsha sehemu nyingi zilezile za ubongo zinazopanga tendo.

Ndugu zake muwaeleze pia, kwa upole. Wanampenda, ndiyo maana wanamlisha, wanamvisha, wanamnyanyua kabla hajajaribu. Na msimu wa korosho ukianza wengi wanahamia shambani, wagonjwa hawaletwi kliniki, kwa hiyo mfundisheni mapema mjukuu au jirani anayebaki nyumbani.

Babu wa Mikindani nilianza kumsubiri. Baada ya wiki kadhaa mwanawe alileta kipande cha kamba ya mtumbwi, tukakilaza pajani kwa babu. Alikitazama kitambo. Mwanawe akanyoosha mkono amsaidie, nikamzuia. Kidole gumba kikasogea, kisha vingine vikafuata kimoja kimoja, mpaka kamba ikawa ndani ya kiganja.